Televisheni ya Haidari

Kahaso alikuwa na macho makali kuliko mtu yeyote Garsen, na kama hukulijua hilo angekwambia mwenyewe kabla hujakaa. Angemwona, alisema, sisimizi mweusi akitambaa chini ya chungu cheusi na moshi umetanda jikoni. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuubeba uongo mrefu, angeongeza: "Ila juzi nilimsalimu mbuzi wa jirani yangu Mwanaarusi nikamwuliza habari za nyumbani. Na aliitikia vizuri kumshinda mwenyewe."

Watu walicheka. Lakini siku hizi walicheka kidogo tu, wakanyamaza upesi, na baadhi yao wakakumbuka kazi waliyoiacha mahali. Kahaso alidhani ni heshima ya msiba.

Msiba ulikuwa wa Mitchelle, kitinda mimba wake. Ule mwaka wa mafuriko, Kahaso alikuwa amekwama kijijini kwake Idsowe juu ya tuta, maji pande zote, akigawana pakavu na kuku na nyoka. Mitchelle alikuwa Garsen kwa kaka yake Levis. Akasikia mama hana unga. Akatafuta unga, akajitwika, akapanda boti. Boti ile ilibeba watu kama mkungu unavyobeba ndizi. Ikafika pale mto ulipoimeza barabara, ikapinduka. Wengine waliokotwa kwenye matawi ya miti. Mitchelle hakuokotwa, wala unga. Mto Tana una mamba ndani yake na bahari mwisho wake, na kati ya hivyo viwili hakuna aliyetaka kuuliza zaidi.

Nyumba ya Idsowe ilikwenda na maji, na picha zote zilizokuwa ndani zikaenda nayo, naye Kahaso akahamia Garsen kwa Levis. Simu ya Mitchelle ilizama naye. Levis alisema simu yake ya zamani ilikufa na kila kilichokuwemo. Kwa hiyo Kahaso akabaki na binti asiye na kaburi na asiye na sura. Kaburi angelivumilia. Sura ndiyo iliyomla. Ilikuwa inafutika kidogo kidogo, kwanza masikio, kisha ile namna alivyokunja paji la uso akinuna. Asubuhi moja alifumba macho amkumbuke mwanawe, ikamjia sura ya Mwanaarusi. Alikaa kitandani akalia, na kwa mara ya kwanza tangu maji yapungue alimwogopa mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe: kwamba atamwua Mitchelle mara ya pili kwa kumsahau.

Mwanaarusi huyo huyo ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amekwenda kwao Kipini kumwona dada yake, na huko watoto walikuwa wakitazama kwenye simu filamu iliyopigwa na Wazungu, ya mafuriko ya Tana.

"Mama Levis, kaa chini kwanza," alisema. "Mitchelle wako yumo."

"Yumo wapi?"

"Ndani ya filamu. Yuwapanda boti. Nimeijua leso yake, nikajua na hiyo shingo akijitwika."

"Na uso?"

Mwanaarusi akachezea ncha ya buibui. "Uso una giza, dadangu. Jua lilikuwa nyuma yao."

Basi Kahaso akamfuata Levis kazini. Levis alikuwa na kibanda karibu na stendi, akitengeneza simu na kuuza muvi. Kama kulikuwa na mtu Garsen wa kumtoa Mitchelle gizani, ni yeye. Walinyonya ziwa moja, na kazi yake ni vioo.

"Mama, hiyo filamu achana nayo," alisema Levis bila kuinua kichwa. "Utaumia bure."

"Ya gharama nimeshaumia. Acha niumie na hiyo ya bure."

Levis akavuta pumzi, akafungua filamu kwenye simu yake mwenyewe, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka kama shamba la kiangazi. Mto ukatokea, unang'aa kama bati jipya. Jua lilikuwa limeinama nyuma ya boti, na watu waliokuwa wakipanda walikuwa weusi ti, kama waliokatwa kwa mkasi kwenye karatasi ya masizi. Mmoja wao alikuwa na mzigo kichwani.

"Yule," alisema Kahaso. Aliyajua mabega. Lakini pale penye uso palikuwa na tundu. "Ongeza mwanga."

"Umefika mwisho, mama."

Kahaso alikiona kidole cha mwanawe kikivuta chini, si juu, lakini alidhani ndivyo simu za siku hizi zinavyoongezwa mwanga.

Kesho yake alirudi na kigoda chake, akadai televisheni ya ukutani. Filamu ile ilikuwa kwenye huduma mbili za mtandao, na Kahaso, ambaye majina ya Kizungu yalimteleza ulimini, alizijua kwa rangi ya alama zake: ya samawati na ya zambarau. Alizipima zote mbili kama anayepima mchele wa maduka mawili. Ya samawati ilitoa anga zuri mno, mawingu kama maziwa ya kwanza, lakini boti ikabaki chungu kilichoungua. Ya zambarau iliwaonea huruma watu, ikawamwagia mwanga, na hapo anga likaungua likawa jeupe kama shuka, nao watu wakawa kijivu wasio na kingo, nyuso zao kama uji uliomwagika jivuni. Tena mtandao ulipochoka, picha ilikatika miraba miraba, na Mitchelle akawa kitambaa cha sare ya shule.

"Nirudishie."

"Mama, wateja wanangoja."

"Wateja wana simu zilizokufa. Mimi nina mtoto. Nirudishie."

Siku nyingine akamburuta Levis mpaka hoteli moja yenye televisheni kubwa, wanaume wakitazama mpira. Kahaso akawaomba wampishe kidogo aone mwanawe. Akatarajia matusi, wanaume na mpira wao unawajua. Lakini walimpisha bila neno hata moja. Wakamtazama Levis, wakatazama meza. Mzee mmoja aliacha chai yake nzima akatoka. Kahaso akajisemea moyoni kwamba watu wa Garsen wana utu, basi tu hawapendi kujulikana.

Na pale pia ilikuwa vile vile, anga na masizi.

"Kila mahali mnanionyesha anga," alisema njiani wakirudi. "Anga ninalo la kwangu, liko juu ya choo. Nataka uso."

Levis akasimama. Alikuwa amekonda tangu mafuriko, na jasho lilimtoka hata kwenye upepo. "Sikiliza mama. Tatizo si macho yako. Ile picha imepigwa kwa HDR. Weusi wote ule una vitu ndani, lakini bila HDR huvioni mpaka kiama. Na Garsen hii haipo. Huko Nairobi labda, kwa matajiri. Basi, tuache." Alizitaja herufi moja moja kwa haraka, kama walivyomfundisha shuleni: hechi, di, aa.

"Haidari?" aliuliza Kahaso.

"Hechi-di-aa."

"Si ndiyo Haidari! Mbona unasema hayupo? Anakaa nyuma ya soko la mifugo. Ng'ombe wake walimaliza mahindi yangu."

Levis akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kama kikohozi, mpaka akashika kiuno. Kahaso hakuwa amekisikia kicheko kile tangu mto upande, na alifurahi hata akasahau kuuliza anacheka nini.

"Haya mama," alisema Levis akifuta macho. "Nenda kwa Haidari. Mwambie akutolee Mitchelle."

Mtu akikucheka njiani, usimngoje. Yeye ameketi kucheka, wewe unafika.

Haidari alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, Muorma mpana wa kifua na mwepesi wa kujisifu, ambaye binti yake mkubwa alifanya kazi Doha na kuwatumia nyumbani kila kilichong'aa. Kahaso alimkuta kwenye mkeka, na binti mdogo, Ikran, aliyekuwa likizo kutoka chuoni Mombasa, akimmiminia chai.

"Hodi! Nimeambiwa hapa ndipo penye Haidari."

"Haidari ni mimi, Mama Levis, na unanijua. Karibu. Kama ni habari ya mahindi, tulishaimaliza kwa chifu."

"Wewe uliimaliza. Tumbo langu bado liko kwa chifu. Lakini leo sikukufuata wewe, nimefuata ile Haidari ya picha. Ile inayotoa watu gizani."

Haidari akamtazama binti yake. Ikran aliuma ncha ya shela asicheke. "Baba, anasema HDR."

"Ninayo!" alisema Haidari, ambaye maishani mwake hakuwahi kuambiwa kitu akasema sina. Akamwongoza hadi sebuleni kwenye televisheni pana kama mlango wa zizi. Kibandiko cha dukani kilikuwa bado kwenye pembe, hakukibandua makusudi. "Soma mwenyewe. Imeandikwa."

"Ni filamu gani, bibi?" aliuliza Ikran.

"Ya mafuriko. Mitchelle wangu yumo, anapanda boti."

Haidari aliondoa mkono wake kwenye televisheni. Kisha akasema kwa sauti ambayo Kahaso hakuijua, ndogo, isiyo na majivuno. "Mama Levis. Mengine Mungu ameyafunika. Ya nini kuyafunua?"

"Mungu amefunika mwili, baba. Uso ni wangu, nilimzaa nao."

Haidari akavaa kofia akasema anakwenda kuwaangalia ng'ombe, ingawa saa ile ng'ombe wote walikuwa mbugani.

Ikran, ambaye siku za mafuriko alikuwa Mombasa na hakujua lolote ila yaliyotangazwa, akaifungua filamu kwenye televisheni ya baba yake. Anga likatokea, pana ajabu. Na chini yake, masizi.

"Huyu Haidari naye ni mwongo," alisema Kahaso.

"Si wewe wa kwanza kusema hivyo, bibi." Ikran akasogea karibu na kioo. "Hii televisheni inapokea HDR, lakini kuionyesha haiwezi. Ni kama mtu anayeitikia hodi na mlango hafungui. Kibandiko ni cha kuuzia tu. Ngoja." Akatoa simu yake, nyembamba, nyeusi, zawadi ya dada yake. "Hii ndogo inaweza. Picha ya kawaida lazima ichague: ikionyesha anga, inawapoteza watu, ikionyesha watu, inaliunguza anga. Hii inabeba vyote viwili. Lakini tufunge madirisha kwanza. Mwanga wa nje unakula weusi wa picha."

Akafunga madirisha, akavuta mapazia, akabana na mlango wa uani. Ikawa mchana wa nje, usiku wa ndani. Wakakaa bega kwa bega kwenye mkeka, bibi Mgiriama na binti Muorma, wameinamia kitu kisichozidi ukubwa wa mkate wa mofa.

Jua lilipotokea kwenye kioo, Kahaso alikunja macho; lilikuwa jua kweli, lilichoma. Na chini ya jua lile giza likaanza kufunguka. Likafunguka kama jiko linavyofunguka ukiingia kutoka juani: kwanza huoni kitu, kisha unaona mafiga, kisha kinu, kisha paka aliyekuwa akikutazama muda wote. Kwanza ikaja leso, nyekundu. Kisha mfuko wa unga, na mkono ulioushika, na bangili ya plastiki. Kisha uso.

"Simamisha," alisema Kahaso.

Ikran akasimamisha.

Kahaso akaweka kidole karibu na kioo, asikiguse. Hapo kwenye nyusi palikuwa na kovu alilolisahau kabisa, la jembe, Mitchelle akiwa mdogo. Na masikio yale, yaliyochomoza kidogo. "Ndiye," alinong'ona. "Kumbe pua ni ya kwangu. Maskini mtoto, nami nilimpa pua hii." Akacheka na machozi yakamdondoka kwenye leso, na Ikran akamshika bega, na kwa muda wa pumzi mbili tatu Kahaso alikuwa na kila alichokuja kukitafuta. Laiti angeinuka pale.

"Lakini mbona hatazami mbele?" alisema. "Anamtazama nani huko chini? Endesha. Polepole."

Picha ikasogea polepole. Mitchelle alikuwa ameinama ubavuni mwa boti, mdomo wazi, na mkono wake mwingine, usio wa unga, ulikuwa umeng'ang'ania shati la mtu. Mtu huyo alikuwa amesimama majini, maji ya magoti, kwenye kivuli cha boti, pale palipokuwa peusi kuliko kote, pale ambapo kwenye simu zote na televisheni zote za Garsen hapakuwa na kitu. Alikuwa akipakia watu. Alimsukuma mama mmoja mgongoni apande, na boti ikazama kidogo. Mitchelle alisema neno. Sauti haikusikika, Mzungu alikuwa akieleza habari za mvua. Lakini midomo ilibana, ikaachia, ikabaki wazi, na mama anayajua maneno ya mwanawe hata kwa nyuma ya mlango. Imejaa, alisema Mitchelle. Kaka, imejaa.

Yule mtu akambandua vidole kwenye shati, kimoja kimoja. Akamshika bega akamkalisha chini kwa nguvu, kama akalishwavyo mbuzi anayekataa kupanda gari. Kisha akageuka kuita abiria wengine, na uso wake ukapigwa na mwanga.

Kwa uso ule Kahaso hakuhitaji Haidari. Alikuwa ameupikia uji asubuhi ile.

"Bibi," alisema Ikran taratibu, "unamfahamu?"

"Rudisha."

Ikran akarudisha. Kahaso akatazama. Ikarudishwa tena, akatazama tena. Ndipo vikamjia vimya vyote vya mji, kimoja baada ya kingine. Chai ya mzee yule hotelini. Wanaume walioacha mpira wao bila tusi. Ng'ombe wa Haidari walioko mbugani. Garsen nzima ilikuwa imeona kwa macho yake ya kawaida, mchana kweupe, ukingoni pale, na ikaona afadhali imfunike mama aliyefiwa na mmoja asije akafiwa na wawili. Yeye peke yake ndiye aliyehitaji mtambo.

"Iweke pale pale," alisema. "Penye vidole. Usiiache ilale."

Hodi ikapigwa. Ilikuwa hodi ya haraka, na Kahaso aliijua kabla sauti haijaitikiwa. Levis akaingia, ameacha viatu nje, anahema kama aliyekimbia tangu stendi. Mtu alikuwa amempasha habari kwamba mama yake amejifungia na binti wa Haidari na simu ya Doha. Akatazama televisheni kubwa ukutani; ilikuwa imezimwa. Akatazama mapazia. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono chini ya leso, na Ikran pembeni yake ameinamisha kichwa.

"Mama, twende. Chakula kinapoa."

"Chakula chenyewe nani amepika?"

"Twende tu." Akarudisha macho kwenye televisheni. "Umemwona?"

"Nimeona anga," alisema Kahaso. "Kwa Haidari wamenidanganya. Televisheni yake ni kibandiko tu."

Mabega ya Levis yakashuka. Akafuta paji la uso kwa kiwiko, hata akajaribu kutabasamu. "Si nilikwambia? Garsen haipo hiyo kitu."

"Ulinambia. Kaa kidogo, mwanangu, magoti yamenikatalia." Levis akachuchumaa mbele yake. Kahaso akamtazama usoni muda mrefu, kama anayetafuta kovu. "Levis, mimi sijawahi kukuuliza. Nilipovuka kuja huku nilikukuta umenyamaza, na mimi nikanyamaza. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Siku gani?"

"Sina siku nyingine."

"Malindi, mama. Si watu wote wanajua? Nilifuata vioo vya simu. Mvua ikanikamata, barabara ikakatika, nikalala Gongoni kwa rafiki yangu mmoja, Kadenge, tukala mihogo mikavu." Maneno yalimtoka mazuri, yamepangwa, kila moja likijua nafasi yake. "Nilipopata habari nilitaka kujitupa. Ningekuwepo, mama, naapa, nisingemwacha apande. Ningemshika mkono nikamshusha."

"Ungemshika mkono."

"Haki ya Mungu."

Kahaso akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. Kisha akatoa simu ya Ikran chini ya leso. Kwenye chumba kile cha giza jua la siku ile likamwangaza Levis usoni, kidevu, midomo, macho.

"Wewe una macho ya kijana," alisema. "Nitazamie. Huyu aliyesimama majini, anayembandua mwanangu vidole, ni nani?"

Levis akatazama. Hakugusa simu. Nje, Haidari alikohoa, na hakuingia.

"Hapo kuna giza, mama," alisema Levis. "Giza tupu. Huwezi kumjua mtu kwenye giza kama hilo."

"Giza liko wapi?" aliuliza Kahaso.